Mshipi wa Nyuma na Mshipi wa Chini

Ami yangu huvua kwa kurambaza. Mjomba wangu huvua kwa mshipi wa chini. Wote wawili ni wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wamekuwa wakishuka pwani ile ile tangu hawajaota ndevu, na ubishi wao juu ya uvuvi upi ni kazi na upi ni matembezi niliukuta nilipozaliwa. Ami humwambia mwenzake, "Shemeji, wewe unakaa juu ya maji kama boya." Mjomba naye hujibu, "Na wewe, shemeji, unakwenda kuitembeza ngalawa yako ipunge upepo." Wakishacheka, kila mmoja huenda kwenye chombo chake.

Nimefuatana nao baharini, mara na huyu, mara na yule, na mara moja tu nao wote pamoja. Nataka kuiandika mikono yao wakati bado naikumbuka vizuri.

Kurambaza ni kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, chambo kikiogelea karibu na uso wa maji. Vijana wa leo wakisikia urambazaji hufikiria kompyuta na tovuti, lakini neno lilianza kazi yake baharini. Mshipi wa chini ni kinyume chake. Chombo kinasimama, kwa nanga au kwa kuachwa kielee, na mshipi unateremka wima, ukivutwa na chubwi, mpaka uguse mwamba. Huko chini mvuvi huupandisha na kuushusha kwa mkono ili chambo kicheze. Ngalawa ni ile ile na ndoana ni zile zile. Samaki ndio wanaotofautiana, na tabia ya samaki ndiyo iliyowafinyanga wazee hawa wawili wakawa watu wa namna mbili.

Ami huondoka baada ya sala ya alfajiri. Ngalawa yake ni ya mwembe, ya gogo moja, na mirengu yake miwili inagonga maji kwa zamu kila tanga linaposhika upepo. Akishauvuka mwamba hutoa mishipi miwili, mmoja kila upande wa tezi. Haiwi sawa. Wa kulia ni mfupi na una uzito kidogo, chambo chake kikienda chini ya povu. Wa kushoto ni mrefu, pima 40 au zaidi, na hauna uzito wowote. Mwanzoni nilidhani anafanya hivyo ili isisokotane tu.

"Ukinyoosha njia muda wote," aliniambia, "samaki anakizoea chambo chako. Pinda."

Chombo kikipinda, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama kidogo, na cha upande wa nje huongeza mwendo na kupanda. Nguru anayefuata nyuma kwa mashaka huona ghafla kisamaki kimoja kinachoka na kingine kinakimbia, na mashaka yanamwisha. Katika safari zangu na ami, walionaswa wakati wa kupinda walikuwa wengi kuliko walionaswa katika njia iliyonyooka. Tangu hapo nikiiona ngalawa inachora njia ya nyoka baharini bila sababu ya upepo, najua aliyeshika usukani ni mtu wa kazi.

Chambo cha bandia hukitengeneza mwenyewe. Huchambua kipande cha kamba ya nailoni mpaka kiwe nyuzi nyembamba, akazifunga juu ya ndoana kama ndevu, pengine na karatasi ya kung'aa ndani yake. Siku akipata kibua mbichi humweka mzima, na humshona mdomo ili maji yasiufungue, kwa maana samaki mwenye mdomo wazi akiburutwa huzunguka kama pia, akausokota mshipi na kumshtua nguru. Ndoana ya pili huiweka karibu na mkia. Nguru ana desturi ya kukata kwanza na kula baadaye: huja kwa kasi, akaikata nusu ya nyuma, halafu akarudi kuchukua kilichobaki. Mvuvi mwenye ndoana moja ya kichwani hupandisha vichwa. Na pima ya mwisho kabla ya ndoana huwa ni waya, maana meno ya nguru yanaikata nailoni kama wembe.

Hayo ni matayarisho tu, na mtu akiwa na subira atajifunza kwa msimu mmoja. Kazi yenyewe ya ami iko machoni na mkononi penye kana. Anaangalia ndege wanaopiga mbizi, na hawaendei moja kwa moja. Huwazunguka kwa mbali, mishipi yake ikakata ukingo wa kundi la vidagaa, kwa sababu chombo kikipita katikati samaki wote hushuka chini. Anaangalia mahali ambapo maji ya kijani yanakutana na ya buluu. Anaangalia mwani unaoelea, gogo, hata dumu tupu, kwa sababu chini ya kitu kinachoelea fulusi hupenda kukaa kivulini. Nguru anataka mwendo wa maili 4 hadi 6 za baharini kwa saa, na ami hana kifaa cha kuupima. Husikiliza maji yanavyolia kwenye mirengu. Yakilia juu kupita kiasi hulegeza tanga. Upepo ukidondoka, huukamata mshipi na kuuvuta kwa mkono kidogo kidogo, ili chambo kisizame kikafa wakati anasubiri upepo urudi.

Inafaa kueleza kwa nini nguru anatafutwa hivi. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowawezesha kuelea wakiwa wametulia. Nguru hana. Akiacha kuogelea anazama. Jodari yeye hupumua kwa kwenda: huogelea mdomo ukiwa wazi kidogo, maji yakapita kwenye matamvua yake, na akizuiwa asisonge mbele hukosa pumzi. Samaki wa namna hii hana nyumba. Usiku na mchana yuko njiani, na nguru anaweza kupita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 40 bila kuwahi kupumzika hata siku moja. Mtu akitaka kumpata, hana budi naye kuwa msafiri. Ami hajawahi kunieleza mambo ya kibofu, ila husema nguru ni mtu wa barabarani na lazima umkute barabarani.

Chewa ana nyumba. Hapo ndipo inapoanza kazi ya mjomba.

Jiwe la mjomba halina boya. Liko mahali ambapo mnara wa taa wa Ras Nungwi unasimama sawasawa nyuma ya mti mmoja, na papo hapo, ukigeuza shingo, ncha ya kisiwa cha Tumbatu inafunika mti mwingine. Miti yenyewe sitaitaja. Alama mbili zikikutana, chombo kiko juu ya jiwe. Mjomba bado haamini macho peke yake. Huteremsha chubwi aliyoipaka mafuta mazito chini yake, kama mabaharia wa zamani walivyolipaka bildi walipopima kina. Ikirudi na mchanga, amekosa. Ikirudi safi, au na chembe za matumbawe, amefika. Na wakati wote inaposhuka anahesabu pima zinazopita mkononi: 30 pale, yaani karibu mita 55, na 34 ukisogea kidogo tu upande wa bahari kuu. Anaitaka ile 30, ukingoni kabisa, mahali mwamba unapoanza kuporomoka.

Chambo chake ni ngisi, aliyekatwa ukanda mrefu, mwembamba upande mmoja. Ngisi ni mgumu, haibiwi ovyo, na ukanda ule ukivutwa hutikisika kama una uhai.

Sasa nitaeleza jambo ambalo nimelitazama kwa miaka na bado naona sijalimaliza. Mshipi unapita juu ya kidole chake cha shahada. Chubwi ikigusa chini, mshipi hulegea, na mtu asiyejua huuacha hapo. Mjomba huupandisha pima moja papo hapo, kwa sababu ndoana ikilala kwenye matumbawe itanasa. Kisha anaanza. Huupandisha polepole urefu wa mkono, huusimamisha, halafu huuacha ushuke. Hauachii kabisa. Huusindikiza. Samaki wa mwambani mara nyingi hugwia wakati chambo kinashuka, kwa kuwa kitu kinachoanguka ni kitu kilichochoka. Mshipi ukilegea wakati huo, samaki ataonja, atatema, na habari haitafika juu. Ukikazwa, chambo kitashuka kikiwa kimeshikwashikwa, na mkubwa hatakitaka. Kati ya kulegea na kukaza pana nafasi ndogo sana. Mjomba ameishi humo miaka 50.

Kila samaki ana mbisho wake. Changu hudonoa haraka haraka, mara mbili tatu, kama mgeni anayebisha kwa ukucha. Kikande ni mwizi: mshipi hautikisiki, ila kidole kinahisi kwamba chambo kimekuwa chepesi. Kolekole hagongi, huupokonya mshipi na kwenda nao upande. Chewa habishi hodi hata kidogo. Kwanza unahisi uzito, kama ndoana imenasa jiwe. Halafu jiwe linaondoka.

Siku moja, nikiwa na miaka kama 14, aliniambia, "Fumba macho, mwanangu. Macho yanakushughulisha." Akaniwekea mshipi wake kidoleni na akabaki ameushika nyuma ya mkono wangu, ili ahisi ninachohisi.

"Nani huyo?"

"Changu."

"Barabara. Mwache kwanza, mdogo. Na huyu?"

Nilisikiliza kwa muda. Kulikuwa na uzito tu, umetulia, hauendi popote. Nikamwambia tumenasa jiwe.

"Jiwe halipumui," akasema, akaukamata mshipi juu ya mkono wangu na kuuvuta kwa nguvu zake zote mpaka ngalawa ikainama. Alikuwa ameuhisi mwendo mdogo sana, wa kwenda na kurudi, wa samaki mkubwa anayefungua na kufunga matamvua yake ndoana ikiwa mdomoni, kabla hajajua kwamba kuna ubaya wowote. Mimi nilikuwa nimeushika mshipi ule ule kwa wakati ule ule, na sikuhisi kitu.

Akimpata chewa, mambo yote huamuliwa katika pima 2 za mwanzo. Samaki yule ana pango lake nyuma ya mkia. Akiwahi kuingia hutanua mapezi na matamvua, akajibana, na hapo hata watu watatu hawamtoi. Ndiyo maana mjomba, mtu mpole asiyeinua sauti hata nyumbani, wakati ule huvuta kama mtu anayemtoa mtoto kisimani. Vidole amevivika vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na hata hivyo mshipi umeshachimba mifereji kwenye ngozi yake isiyofutika. Baada ya pima 2 hizo chewa huanza kulegea, kwa sababu ya bahari yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Samaki akipandishwa, mgandamizo unapungua, hewa ya kibofu chake inatanuka, na akifika juu huwa amevimba, mara nyingine tumbo limetoka mdomoni. Samaki wa namna hiyo ni vigumu kumrudisha akaishi. Kwa hiyo mjomba hana nafasi ya kujaribu halafu akaghairi. Lazima aamue mapema lini aache.

Na huacha. Akishapandisha chewa 2 wakubwa katika jiwe moja, hung'oa nanga hata kama wanaendelea kula. Wataalamu wa samaki wamethibitisha kwamba aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wakishakua. Jiwe likipokonywa wakubwa wake wote, yanaweza kubaki majike bila dume. Mjomba hakusoma hayo popote. Alifundishwa na baba yake kwamba jiwe lina wazee wake kama mji ulivyo na wazee wake, na ukiwamaliza wazee mji unaharibika. Nilipomweleza habari za kugeuka kwao alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi marehemu alikuwa anajua."

Mshipi wa mkono nao una mipaka yake, na mjomba anaijua. Nailoni huvutika. Katika pima 10 haidhuru, lakini katika 40 ule mvutiko hunyonya mguso mdogo kabla haujafika juu, ndiyo maana wavuvi wengi wa mshipi hawapendi kwenda chini zaidi. Siku hizi kuna uzi wa kusokotwa ambao hauvutiki karibu hata kidogo. Huleta kila habari, ila huikata ngozi, kwa hiyo hutaka fimbo na gurudumu. Watalii wanaokuja kuvua hapa huja nao, pamoja na visamaki vya chuma vilivyopakwa rangi ambavyo hushushwa wima na kuchezeshwa kwa fimbo, mtindo uliostawi sana Japani. Mgeni mmoja alimwachia mjomba kimoja, cha fedha, kizito kama chubwi. Alikigeuza mkononi, akakifunga kwenye nailoni yake ya siku zote, akakishusha. Alikipandisha na kukishusha kwa mwendo wake ule ule, bila ngisi, bila harufu yoyote, na katika safari ya tatu ya kushuka kolekole alikipokonya. Alifurahi siku nzima. Kilichomfurahisha ni kwamba watu wa mbali, ambao hawajawahi kumwona, walifikiri kama yeye.

Ubishi wa ami na mjomba nao uko mbali kuliko wanavyodhani. Katika nyanda za juu za Kenya, kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, wako trauti walioletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne iliyopita. Jamaa wa samaki hao wanaishi Marekani katika maziwa makubwa yaliyotokana na mabwawa, kama Flaming Gorge, kwenye mpaka wa Utah na Wyoming, ambako ukuta uliokamilika 1964 uliuzuia mto Green ukafanya ziwa la urefu wa kilomita zipatazo 146. Wavuvi wa huko nao wamegawanyika hivi hivi. Wapo wanaorambaza kwa boti na wapo wanaoshusha mshipi wima. Trauti wa ziwa hupenda maji ya baridi. Kiangazi kikifika, maji ya juu hupata joto, nao huteremka kwenye giza la chini, kwa hiyo mrambazaji hulazimika kufunga mzigo mzito kwenye waya ili uchukue chambo chake mpaka huko, huku boti ikiendelea kwenda. Yule wa mshipi wima husimama juu ya mlima uliozama na kuchezesha chambo mbele ya samaki mkubwa, pengine wa kilo 20, ambaye amechukua miongo kadhaa kufikia ukubwa huo. Nilipomsimulia ami kwamba wako watu wanaorambaza katika kina cha mita 30 alitikisa kichwa kwa heshima. Alisema kupinda chombo chenye waya wa namna hiyo bila kusokota si kazi ya mchezo.

Bahari yenyewe huwapa wazee wangu zamu. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na siku hizo mkondo una nguvu mno. Chubwi ya mjomba haishuki wima, inakwenda mshazari kama mkia wa tiara, na kidole hakisomi chochote. Yeye huyangoja maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, na hata siku hizo hungoja kile kipindi kifupi maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Ami huipenda bamvua, kwa kuwa mkondo ukigonga ukingo wa mwamba hurusha juu vidagaa, na vidagaa humwita nguru. Kaskazi inapovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, ndiyo sikukuu yake. Kusi ikiingia na mkondo wa pwani ukazidi kukimbilia kaskazini, wote wawili hukaa sana nchi kavu wakitengeneza zana, na ubishi ndipo unaponoga.

Ile mara moja niliyofuatana nao pamoja ilikuwa wakati wa maleleji, upepo mmoja umekwisha na mwingine haujaja. Kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na bibi harusi kwa mmoja ni mtoto wa ndugu, kwa mwingine ni mtoto wa dada, kwa hiyo kitoweo kilikuwa dhamana ya wote wawili. Tulikwenda kwa ngalawa ya ami. Njiani alirambaza kwa upepo hafifu na kupata nguru 2, wa pili akiwa mrefu kuliko mguu wangu. Tulipofika karibu na jiwe la mjomba upepo ukafa kabisa. Tanga likaning'inia. Mjomba hakusema neno. Alizipanga alama zake, akatia nanga, akateremsha.

Baada ya saa moja tulikuwa na changu wengi na chewa mmoja. Ami aliomba ajaribu. Mjomba akampa mshipi ule ule, uliokwisha kutiwa chambo. Ami, ambaye huweza kumwona nguru chini ya maji kabla mimi sijaona hata kivuli, alikaa na mshipi ule kidoleni kwa muda mrefu, akapandisha ndoana tupu mara tano. Kikande walimmaliza. Upepo uliporudi alasiri, mjomba naye alishika kana njiani kurudi. Alijaribu kupinda kama alivyomwona shemeji yake akipinda, akapinda kwa kukata, na mishipi miwili ikasokotana fundo ambalo ami alilifungua kwa nusu saa, bila kulalamika, kwa vidole vilivyojaa mafuta ya samaki. Sikuwahi kuwasikia wamenyamaza pamoja muda mrefu namna ile. Usiku, kwenye shughuli, ami aliwaonyesha wageni chewa kwanza.

Pwani samaki wa mshipi wanajulikana hata kabla hujaambiwa. Wamepanda mmoja mmoja, hawakuburutwa ndani ya wavu wakiponda wenzao, na nyama yao ni ngumu na safi. Dalali huwataja kwa sauti nyingine mnadani. Ningependa wanunuzi nao wawalipie kwa bei nyingine, maana mwenye ndoana moja hawezi kushindana kwa wingi na mwenye kokoro, na hatakiwi kushindana.

Nikiulizwa uvuvi upi ni mkubwa, nitajibu mshipi wa chini, na ami anajua kwamba ndivyo ninavyoamini. Kurambaza ni ufundi wa kweli na naupenda, lakini sehemu yake kubwa inaweza kusaidiwa. Mashine inashika mwendo usiobadilika, na kifaa cha setilaiti kinakumbuka mahali ndege walipokuwa jana. Watoto wa ami wanarambaza kwa boti ya faiba na wanapata. Kidole cha mjomba hakijapata msaidizi. Mashine ya kupima kina itamwonyesha mtu kwamba samaki yupo. Haitamwambia kwamba anapumua na ndoana mdomoni, na kwamba huu ndio wakati wa kuvuta. Habari hiyo huja kwa ngozi tu, na ngozi hufundishwa na mtu aliyekaa nyuma yako ameushika mshipi huo huo.

Wanawe wawili wanafanya kazi hotelini. Mimi nilikwenda shule, nikarudi na kalamu. Mjomba bado anashuka pwani kila maji mafu yanapofika, peke yake, na mahali pa mtu wa pili ndani ya ngalawa yake pako wazi. Kijana wa Nungwi, wa Kojani, wa Vanga au wa popote anayetaka kufundishwa, aende wakati huu, naye hatafukuzwa. Achukue ndoana zake mwenyewe, na awe tayari kufumba macho.